Barua ya kufunga muhula: watoto wanakuja na vitabu

Kwa wazazi na walezi wote,
Darasa la Awali hadi Darasa la Saba.

YAH: KUSOMA NYUMBANI LIKIZO YA JUNI

Salaam. Natumaini hamjambo na shughuli zinakwenda vizuri.

Ripoti za muhula wa kwanza mtazikuta kwenye mabegi ya watoto. Mambo ya sare na chakula yamo kwenye kikaratasi kilichobanwa nyuma ya ripoti, sitayarudia hapa. Barua hii ina jambo moja tu. Safari hii kila mtoto, kuanzia Darasa la Kwanza, anarudi nyumbani na kitabu cha hadithi cha shule. Si kitabu cha kiada. Amekichagua mwenyewe kabatini, na mwalimu wa darasa ameandika jina lake kwenye daftari la kuazima.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wadogo, Darasa la Kwanza na la Pili. Hawa bado wanajenga silabi. Wakikaa likizo nzima bila kugusa maandishi, Julai wanarudi wakikwama kwenye “mbwe” na “ng’o”, na mwalimu wao inabidi aanze nyuma tena. Mkimwona mtoto anafuata mstari kwa kidole, mwacheni, kidole hicho kitaondoka chenyewe. Mkimsikia anavuta “nywe… nywe… le”, msimwambie “soma haraka”, wala msimtajie neno. Subirini kidogo. Mara nyingi uso unafunguka ghafla: “Nywele!” Hapo ndipo amesoma. Akifika mwisho wa ukurasa muulizeni tu, “Enhe, halafu ikawaje?” Swali hilo linatosha.

Sasa ombi langu kubwa: kitabu hiki kisigeuzwe kazi ya nyumbani. Nawafahamu wazazi wenzangu. Kuna atakayemwambia mtoto aandike muhtasari, na kuna atakayempelekea mwalimu wa tuisheni akitungie maswali. Msifanye hivyo. Mtoto akiona kila ukurasa unafuatwa na mtihani, atajifunza kukimbia kurasa. Kitabu kikimchosha, akiache na abadilishane na mtoto wa jirani. Akikipenda akataka kukirudia kila siku, akirudie, msimwambie “hicho si umeshakimaliza?” Hata anayetazama picha akajitungia maneno yake mwenyewe yuko njiani.

Wapo wanaoniambia, “Mwalimu, mimi mwenyewe sikusoma, nitamsaidiaje?” Mzazi, kaa umsikilize. Bibi asiyejua kusoma ni msikilizaji mzuri kuliko sisi walimu, kwa sababu hamkatizi mtoto kila neno. Na hadithi ya kitabuni ikiisha, naye ana zake za paukwa pakawa.

Kitabu kimoja hakitatosha likizo nzima, lakini maandishi hayakosekani nyumbani. Kipande cha gazeti kilichofungia maandazi kinasomeka. Mabango ya barabarani na maandishi ya nyuma ya daladala yanasomeka. Kanga za mama zinasomeka pia, na mtoto akishalisoma jina la kanga lazima ataulizia maana. (Mengine mtajua wenyewe namna ya kuyajibu.) Wenye simu janja, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili, bure. Mnaweza kuzipakua mara moja, mtoto akazisoma baadaye bila bando. Ila kaeni karibu naye, maana kutoka kwenye hadithi hadi kwenye magemu ni kugusa mara moja tu. Na mkiwa na safari ya mjini Tanga, wapitisheni watoto Maktaba ya Mkoa, jengo lile ambalo wazee wetu bado wanaliita King George. Hata wakikaa humo saa moja tu, si haba.

Kuhusu muda, sina ratiba ya kuwapangia. Asubuhi kuna kazi, jioni wengi wako madrasa, na umeme mnaujua. Ninachoomba ni kwa wenye mabinti. Nyumba nyingi mvulana akimaliza kula anatoka kwenda kucheza, msichana anabaki na vyombo, maji na mdogo wake mgongoni, na siku inaisha hivyo. Naye ameazima kitabu kama kaka yake. Mgawieni kaka vyombo.

Vitabu vikichakaa kwa kusomwa hatutamdai mtu. Doa la mchuzi naliweza, kona iliyokunjika naiweza. Kikirudi bila kurasa, hapo tutaitana. Na kikirudi kisafi kama kilivyotoka kabatini, nitataka kujua kililala wapi.

Wiki ya kwanza tukifungua tutaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya tarehe 7 Julai ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Mstarini, kila darasa litatoa watoto watakaosimulia kitabu walichokipenda. Anayetaka kusimulia alichokichukia naye atapewa nafasi, mradi atueleze kwa nini. Wazazi mnakaribishwa kuja kusikiliza.

Vitabu virudishwe kwa walimu wa madarasa siku ya kufungua. Darasa la Saba wana ratiba yao kwa ajili ya mtihani wa Septemba, na barua yao ni nyingine, lakini nao wameazima vitabu kama wenzao.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu