Naambiwa nimfiche Königsmarck

Ndugu Mshauri,

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Celle, kaskazini mwa Ujerumani. Kikundi chetu cha akina mama wazungumzao Kiswahili kimeniomba niwasimulie maisha ya Sophia Dorothea, binti wa mtawala wa zamani wa mji huu. Kiongozi wetu, mtu mzima ninayemheshimu kama mama yangu mzazi, ameniagiza nisimtaje kabisa Philipp von Königsmarck, mpenzi wa siri wa binti huyo, asije mtu akadhani ninasifia uzinzi.

Shida yangu ni kwamba bila mtu huyo kisa hakisimami. Sophia Dorothea aliozwa mwaka 1682, akiwa na miaka 16, kwa Georg Ludwig wa Hannover, mtoto wa baba yake mdogo, ili ardhi za baba zao wawili ziwe mikononi mwa mrithi mmoja. (Ndoa za kulinda mali hata sisi tunazijua.) Mama mkwe alimdharau kwa kuwa mama yake, Mfaransa, hakutoka katika ukoo wa kutawala. Mume alikuwa na kimada, Melusine von der Schulenburg, aliyemzalia mabinti watatu, na hilo halikumfikisha mbele ya hakimu yeyote. Lakini mke alipoandikiana barua za mapenzi na Königsmarck na kupanga kutoroka, kijana huyo alitoweka Julai 1694 baada ya kwenda kwenye kasri la Hannover, asionekane tena.

Kinachonisumbua zaidi ni talaka iliyotolewa Desemba mwaka uleule. Uamuzi haukuzungumzia uzinzi, bali ulisema mke amemtelekeza mumewe. Yaani waliomhukumu walilificha jina lilelile ninaloambiwa nami nilifiche! Mume aliruhusiwa kuoa tena, mke akakatazwa kuolewa, kisha akafungiwa katika nyumba moja kijijini Ahlden kwa miaka takriban 30. Hakuwaona tena watoto wake wawili hadi alipofariki mwaka 1726, wakati mtalaka wake ni Mfalme George wa Kwanza wa Uingereza.

Je, nimwendee kwanza mama huyu faraghani na kumsomea kisa chote, au niombe udhuru ili msimulizi awe mwingine? Sitaki kumvunjia heshima, ila tunakutana karibu na kanisa alikozikwa Sophia Dorothea, na nitaona haya kumsimulia nusunusu mahali hapo.

Msomaji wenu,
Celle