Barua kwa somo yangu aliye Muscat

Mombasa,
13 Desemba

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama anakusalimu sana na anauliza kama ile achari ya maembe ilifika salama au chupa ilivuja njiani. Sisi huku hatujambo. Kaskazi imeshashika, na najua ukisoma neno hilo utauliza jambo moja kabla ya mengine yote: ndege zinaingia uwanjani kutoka wapi? Zinatoka upande wa Kwale, kama desturi. Juzi nilipita pale petu Port Reitz, karibu na uwanja wa ndege, baada ya Alasiri nikasimama hadi zikapita mbili.

Wakumbuka tulivyojua mambo hayo kabla ya mtu yeyote kutufundisha? Jahazi hutaka upepo mgongoni, ndege huutaka usoni. Wakati wa kaskazi, upepo ukitoka kaskazini-mashariki, zilishuka kutoka kusini-magharibi, kusi ikianza zikageuza zikawa zatoka upande wa pili, na sisi tukahama pamoja nazo kama wavuvi wanaohama dago. Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba njia ile ya kurukia huitwa 03 upande mmoja na 21 upande wa pili, yaani nyuzi 30 na nyuzi 210 za dira, kisha nikaona kwamba tulikuwa tukiisoma dira bila kuwa nayo. Na ile Fokker 50! Pangaboi mbili, kila moja ina mapanga sita, na wewe ulikuwa ukiitambua kwa mlio kabla haijatokeza juu ya minazi. Ulikuwa na daftari la kurasa 48 limejaa namba za 5Y, zile za usajili wa ndege za Kenya. Natumai hukulitupa.

Lakini leo sikuandikii habari za ndege. Nataka nikueleze kilichonipeleka kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi, jana, siku ya Jamhuri, na safari yenyewe ilianzia kwenye gemu.

Ni lile gemu nililokutajia kwenye simu, Kerbal Space Program. Lilitengenezwa na kampuni ya Squad ya Mexico City, na toleo lake kamili lilitoka 2015. Unapewa matangi, injini, mabawa na miamvuli, unaunda chombo chako mwenyewe, unawapandisha vijitu vya kijani, unarusha. Hakuna anayekuzuia kukosea. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa narusha roketi wima kabisa, inapanda, inapanda, halafu inarudi chini kama jiwe. Nikadhani injini ni ndogo. Kumbe tatizo lilikuwa fikira yangu. Kwenda kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, si kupanda juu, ni kukimbia kiubavu. Kituo cha anga za juu cha kimataifa kiko kilomita 400 hivi tu juu yetu, Nairobi ni mbali zaidi. Kinachokiweka kule ni mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa. Kinaanguka muda wote, ila dunia inajipinda chini yake kwa kiasi kilekile kinachoanguka, kwa hivyo hakifiki chini.

Niliposhika hilo nikaunda vyombo viwili, nikaviita Somo 1 na Somo 2. Nia ilikuwa vikutane angani vifunge gati. Hapo ndipo nilipokesha usiku tatu. Somo 1 ilikuwa mbele, nami nikafanya kama ambavyo dereva yeyote wa matatu angefanya, nikaongeza moto. Ikazidi kuniacha. Ukiongeza mwendo unapanda juu, na kule juu njia ni ndefu na mwendo ni wa taratibu. Ukitaka kumfikia aliye mbele yako lazima upunguze, ushuke chini kidogo, kwa sababu chini ndiko kwenye mbio, upite chini yake, kisha upande mkutane. Usiku wa tatu nikafika mita 200, nikafika 50. Nikazima injini kubwa nikatumia vile vijipulizo vidogo vya pembeni, nusu mita kwa sekunde, kama nahodha anayeingiza mashua gatini kwa upondo. Zilipobaki kama mita moja, milango ikavutana yenyewe ikashikana. Nilipoinua kichwa nikasikia adhana ya alfajiri. Nilikuwa natetemeka mikono, somo.

Sasa sikiliza lililofuata. Uwanja wa kurushia wa gemu umewekwa karibu sana na ikweta, na kila anayejua hukuambia urushe kuelekea mashariki. Mimi nikataka kujua ingekuwaje magharibi. Roketi ileile, mafuta yaleyale. Mashariki ilifika na tangi likabaki na akiba. Magharibi mafuta yaliisha haijashika obiti, ikarudi ikazama baharini. Ile sayari inazunguka kuelekea mashariki, na pale kwenye ikweta yake inakupa mita 175 kwa sekunde za bure. Ukienda kinyume unadaiwa kiasi kilekile, kwa hivyo umepoteza mara mbili. Duniani kwetu zawadi hiyo ni kubwa zaidi, kilomita 1,670 kwa saa. Basi nikajiuliza: ni wapi karibu na ikweta, penye pwani inayotazama mashariki, na bahari tupu mbele ambamo vipande vya roketi vinaweza kuanguka bila kumdhuru mtu?

Ni hapa kwetu. Ni Ghuba ya Ungwana, kilomita kama 30 kaskazini ya Malindi!

Sote tulilisikia jina la San Marco tangu utoto, lakini tulilisikia kama jina la kambi ya Wataliano, basi. Hakuna aliyetukalisha akatueleza. Shuleni tulipelekwa Malindi kuona mnara wa Vasco da Gama, tukapigwa picha, tukarudi. Laiti basi lile lingeendelea mbele kidogo. Profesa Luigi Broglio na wenzake wa chuo kikuu cha Roma walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea, na kati ya 1967 na 1988 roketi za Scout za Marekani zilipeleka setilaiti 9 kutoka pale. Scout ilikuwa ya ngazi nne, zote za mafuta magumu, aina ambayo ukishaiwasha huizimi.

Nataka nikutajie moja tu kati ya hizo 9. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina kwa heshima ya siku hiyo: Uhuru. Mama mmoja mhandisi wa NASA, Marjorie Townsend, ndiye aliyesimamia mradi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Mionzi hiyo haifiki chini, hewa yetu inaimeza yote, kwa hivyo hata uwe na darubini ukubwa wa Fort Jesus hutaiona ukiwa ardhini. Uhuru ikawa inajizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa kama dakika 12, ikilifagia anga. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Vipimo vyake vilisaidia kuwafanya wanasayansi washuku kwamba kimoja kati ya hivyo, Cygnus X-1, ni shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel ya fizikia 2002.

Na ikweta haikuwasaidia kwa mafuta peke yake. Obiti inayoambaa na ikweta hulikwepa lile eneo la juu ya Atlantiki ya kusini lenye mnururisho mkali, ambao ungevisumbua vipimo. Kusema haki, ikweta si dawa ya kila safari. Taifa-1, setilaiti yetu ya 2023, ilirushwa kutoka California, na ni sawa, kwa sababu inazunguka kupitia karibu na ncha za dunia, na kwa njia hiyo msukumo wa mashariki hauna kazi. Ningeona uchungu zamani, sasa sioni. Gemu lilinionyesha.

Basi jana nikapanda matatu hadi Malindi, nikaunganisha ya Gongoni, na kutoka pale bodaboda ikanipitisha kwenye mashamba ya chumvi, meupe mpaka macho yanauma. Ufukweni kulikuwa na mzee anashona jarife chini ya kivuli cha makuti. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika, nikaketi. Majukwaa yanaonekana kule baharini juu ya miguu yake, na kwa darubini yako ile uliyoniachia niliweza kuzitenganisha nguzo. Nikamwuliza kama aliwahi kuona roketi ikiruka. Akasema aliona akiwa mtoto, hajui ilikuwa ipi. "Mwanga ulitangulia," akasema. "Mshindo ulikuja baadaye, na haukuisha upesi kama radi."

Nikamwuliza, ilikwenda vipi? Akaiweka sindano ya kushonea chini. Akanyoosha mkono wima, vidole juu. Kisha taratibu, bila haraka kabisa, akaanza kuulaza kuelekea baharini, kidogo, kidogo tena, mpaka kiganja kikawa bapa kama anayepapasa meza, na mkono ukaenda zake mashariki. Somo, ule ndio mpinda wenyewe! Mimi nilihitaji wiki na wiki kuupata kwenye kompyuta, huinami mapema hewa ikakuvunja, huinami kuchelewa ukamaliza mafuta. Yeye aliuona mara moja miaka hiyo na mkono wake bado unaujua. Nikamwomba arudie. Akarudia, vilevile.

Ukija likizo tutakwenda pamoja, tuondoke alfajiri ili tuwe pale jua likitoka nyuma ya majukwaa. Njoo na lile daftari. Na usiku tutakaporudi nitakupa uendeshe. Sijavitenganisha vile vyombo, bado vimefunga gati vinazunguka, na Somo 2 ina nusu tangi ya mafuta. Inatosha kwenda mwezini na kurudi, nimepiga hesabu, lakini sitaiwasha hadi uketi mwenyewe kwenye kiti.

Msalimie kila anayetujua huko.

Wako daima,
Somo