Chakacha haihesabiwi mpaka nane

Mhariri, asalam aleikum. Naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni tangu likizo iliyopita.

Vijana wetu hapa Lamu waliletewa mwalimu wa dansi, nami nilifurahi sana, siku hizi dansi ni kazi na mtu anapata riziki yake. Siku ya tatu napita kumchukua binti yangu nakuta wanafundishwa chakacha, ile ngoma yetu ya kukata kiuno, mwalimu anahesabu moja mbili tatu mpaka nane, na watoto wanakwama, kiuno kinafika kabla ya ngoma ama ngoma ishamaliza wao bado, halafu anawaambia hawana ridhimu. Watoto wa Lamu hao! Nilitaka kulia. Chakacha mapigo yake ni sita, tatu na tatu, hiyo nane ni ya hip-hop na miziki inayokwenda nne nne. Watoto hawakuwa na makosa, hesabu ndo iliyokosewa.

Sina ugomvi na koreografia. Ni kupanga tu, nani anaanza, anaelekea wapi, kwa mapigo gani, kwa nguvu kiasi gani. Lakini sisi tulikuwa tunapanga toka zamani! Tazameni goma wakati wa Maulidi, wazee wamesimama safu na bakora zao, wanakwenda taratibu mno, mgeni anaona kama hawafanyi kitu na kumbe hapo ndo pagumu, wote pumzi moja, wewe ukiiwahisha bakora yako kidogo tu safu nzima imeharibika. Kirumbizi nayo huwezi kuipanga, wawili wanaingia katikati ya duara na fimbo na hujui mwenzio atapiga wapi, ni papo kwa papo, ila mwili haujaiacha ngoma. Na kwenye vugo, ngoma ya harusi, wanawake wanazipiga pembe wenyewe huku wanacheza. Haya yote ni masomo ya dansi, mwalimu angeyakuta hapahapa mtaani.

Halafu kuna maneno. Baleti mpaka leo inasemwa Kifaransa, mfalme wao Louis XIV alianzisha chuo cha dansi Paris mwaka 1661, ndo maana Mrusi na Mjapani wote wakiambiwa plie wanakunja magoti. Wenzetu wameyashika maneno yao. Sasa sisi tuna safu, duara, kukata kiuno, kuitikia, kupokezana, kwa nini mtoto wa mtaa wetu wa Langoni aone haya kuyasema mbele ya mwalimu wake?

Ombi langu kwa wanaoandaa mafunzo haya, tafadhalini, mleteni na mpiga ngoma mmoja wa hapa akae na mwalimu kabla ya darasa kuanza, hata siku mbili, watoto wakae chini waisikilize ngoma kwanza kabla hawajainua mguu. Binti yangu kwa sasa yuko kwa bibi yake kila jioni, bibi anapiga makofi na yeye anafuata, na kiuno kimerudi mahali pake.

Mama wa Langoni,
Lamu