Msiwatupie singo maza mzigo wa umaskini

Mhariri naomba nafasi kidogo. Nimechoka kusikia kila kukicha redioni na vijiweni kwamba umaskini wetu unaletwa na singo maza, eti nyumba isiyo na baba lazima ifeli. Jirani yangu hapa Mbagala ana watoto watatu, anaamka saa tisa usiku kukanda unga wa maandazi, saa kumi na moja moto umeshawaka na binti yake mkubwa anapanga ndoo, jioni hela karibu yote inarudi kwenye mkaa, mafuta na rejesho la kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Huyu akiolewa kesho ndo mkaa utashuka bei?

Sisi kwetu Newala baba na mama walikuwepo wote wawili, na tulikuwa maskini vilevile, maana korosho ni msimu mmoja tu, maua yakiungua au malipo yakichelewa ndo basi tena mpaka mwakani.

Sikatai, kulea wawili ni nafuu kubwa, na baba anayekimbia matunzo abanwe kweli kweli, Sheria ya Mtoto ya 2009 imeshasema ni wajibu wake. Lakini jamani mabinti wangapi walipata mimba wakafukuzwa shule, mpaka Novemba 2021 ndo serikali ikatangaza wanaweza kurudi? Darasa umemnyima, mtaji hana, mwanaume kaingia mitini, halafu unamuuliza kwanini maskini?

Jirani yangu juzi kapandishiwa kodi ya chumba tena.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam