Shoga, nisaidie kabla ya tarehe 24 Julai

Mpenzi shoga yangu Mama Swalehe,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mzee na watoto wote, na mguu wa Bi Mkubwa umeshapata nafuu. Sisi huku hatujambo, ila joto linatutesa. Julai ya Utah, jimbo hili la Marekani, ni kavu, midomo inapasuka hata ukikaa kivulini siku nzima. Simu yako haipatikani. Mama Zaina aliniambia umebadilisha laini, lakini namba aliyonipa nikampata baba mmoja wa Uvinza, mpole kweli, akaniombea dua na kunitakia kazi njema. Basi naandika, na mtoto wa Shangazi atakuletea mkononi. Ukimwona mpe chai, amekonda.

Nina shida na wewe, na ni shida ya ualimu wako, kwa hiyo usiniambie upo likizo.

Unalikumbuka lile darasa la Kiswahili la Jumamosi tulilolianzisha na akina Mama Furaha. Limekua. Wapo watoto wa Uvira, wa Bujumbura, wa kwetu Kigoma, na wawili ambao baba yao ni Mmarekani. Sasa tarehe 24 Julai ni sikukuu kubwa ya jimbo hili, ya kukumbuka siku ambayo Brigham Young, kiongozi wa kanisa la Wamormoni, na wafuasi wake waliingia katika bonde hili mwaka 1847, wakitokea kwenye korongo linaloitwa Emigration. Wazazi wameniomba niwapeleke watoto pale mdomoni mwa korongo na kuwaeleza habari zake kwa Kiswahili. Nimekubali, na tangu nikubali silali vizuri.

Chanzo ni Rehema. Hapa darasa la nne ndiko wanakosoma historia ya jimbo. Alirudi siku moja na ile kofia ya kitambaa inayofungwa kidevuni, wamevishwa wote kama wahamiaji wa zamani, akaniuliza: "Mama, hawa watu wa magari ya ng'ombe, sisi tulikuwamo?" Nikamwambia ngoja nisome. Nikasoma, shoga. Nimesoma mpaka baba yake analalamika ugali unaungua.

Mto unaopita katika korongo hilo ni mdogo, kijito tu. Ukiuona huwezi kuamini kuwa watu waliusemea maneno mengi hivyo. Unaanzia chini ya mlima unaoitwa Little Mountain, unashuka katikati ya mierebi na vichaka vya mwaloni mfupi mgumu kama fimbo ya mchungaji, unapita ndani ya bustani ya wanyama, kisha jiji linaumeza kwenye mabomba mpaka unamwagika mto Jordan, na Jordan unaishia kwenye ziwa la chumvi. Siku za kiangazi karibu unakauka, na maji yake yana vijidudu vya kinyesi, hivyo watoto nimewakataza kuchezea. (Pale bustanini walikuwa na tembo wetu wa Afrika, mama na mwanawe. Mtoto alizaliwa hapohapo mwaka 2009 wakamwita Zuri. Mwaka 2023 wakahamishiwa Kansas City, Rehema akalia njia nzima.)

Kabla ya magari kulikuwa na watu, hilo nataka watoto walisikie mwanzo kabisa. Washoshone, Wagoshute na Wayuti waliyajua mabonde haya yote na vijia vyake. Hakuna aliyegundua kitu.

Sasa magari. Agosti 1846 ulifika msafara wa familia za Donner na Reed, wanaelekea California. Bwana mmoja, Lansford Hastings, alikuwa akiwanadia wahamiaji njia ya mkato ya kupita kusini mwa ziwa la chumvi. Yeye mwenyewe alikuwa ameipita juu ya mnyama tu, hajawahi kuipitisha gari. Walipofika mto Weber wakakuta barua yake, kwamba korongo la mbele ni baya, wangoje awaonyeshe njia nyingine. Reed akamfuata mbio hadi karibu na ziwa. Hastings akarudi naye nusu ya safari, akasimama juu ya kilele akamwonyesha kwa kidole: piteni kule. Kisha akaenda zake. Nasoma hapo mpaka leo nakasirika. Una watoto wachanga na wazee ndani ya magari, na mtu anakupa njia kwa kidole!

Njia haikuwepo. Ilibidi waikate kwa shoka na sururu, maili zisizofika 40 zikawala zaidi ya wiki mbili ukihesabu na kungoja. Na ndipo linapokuja jambo linalonishika. Walishuka na kijito hiki mpaka karibu kabisa na mdomo wa korongo, bonde liko palepale mbele, wakakuta vichaka vimefunga njia. Wakachoka kukata. Wakaamua kupandisha magari juu ya kilima kilicho kando, ambacho leo kinaitwa Donner Hill. Nimekipanda. Ni mteremko ambao mkono wako unagusa ardhi mbele yako, mawe yanateleza chini ya kiatu, na ukigeuka nyuma unatafuta mti wa kushika. Gari moja lilihitaji karibu maksai wote wa msafara wafungwe nira na kulivuta, wakilifikisha wanarudi kuchukua la pili. Ilikuwa tarehe 22 Agosti. Wale maksai walikuwa na jangwa la chumvi mbele yao, na baada ya jangwa, milima ya Sierra Nevada. Theluji ikawakuta huko. Watu 87, karibu nusu wakafa, na baadhi ya waliopona ilibidi wale maiti za wenzao. Sisemi kilima ndicho kilichowaua, jangwa nalo liliwaharibia sana. Ila siku zilikuwa zimeshakwenda. Binti mmoja wa Reed, Virginia, aliyekuwa na miaka 13, mwaka uliofuata alimwandikia binamu yake barua na kumwasa: usipite njia za mkato, na ufanye haraka uwezavyo.

Hili la kula watu niwaambie watoto? Wakubwa wanalijua tayari kutoka shuleni. Wa miaka saba sijui.

Mwaka uliofuata, Julai 1847, wakaja Wamormoni kwa njia ileile iliyokatwa na akina Donner. Brigham Young alikuwa mgonjwa wa homa, yuko nyuma. Mbele waliwekwa watu wa kutengeneza njia, wakiongozwa na Orson Pratt: kung'oa visiki, kusawazisha kingo, kufunga magurudumu ya nyuma kwa mnyororo ili gari lisiwakimbie kwenye mteremko wa Big Mountain. Kijito hiki walikivuka karibu mara 20 kabla ya kutoka, maana korongo ni jembamba na maji yanaruka upande huu na upande ule. Walipofika chini ya kile kilima, tarehe 22 Julai, wakaangalia alama za magurudumu ya wenzao zinazopanda juu, wakaamua kukata. Karani wao William Clayton ameandika kwamba iliwachukua kama saa nne.

Saa nne, Mama Swalehe. Nimekaa pale chini nikaangalia kilima, nikaangalia vichaka, nikashindwa kuwalaumu wale wa kwanza. Walikuwa wameshika shoka siku kumi na zaidi, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Waliofuata walikuta njia nusu tayari, na kundi lote lilikuwa watu 148, wanawake watatu tu na watoto wawili.

Na sasa jibu la Rehema. Miongoni mwa hao wa mbele walikuwapo vijana watatu weusi: Green Flake, Hark na Oscar. Wote watatu watumwa. Green alizaliwa North Carolina, alikuwa na miaka kama 19. Bwana wake, James Flake, alibaki nyuma akamtuma yeye na gari na nyumbu watangulie, wakamwandalie mahali. Kwa hiyo ndiyo, tulikuwamo. Mikono yao ilikuwa katika zile saa nne. Waliingia bondeni tarehe 22, na Brigham Young akafika tarehe 24, amelala ndani ya gari la mwenzake Wilford Woodruff kwa ugonjwa. Sikukuu ni tarehe 24.

Mjini kuna mnara wa zamani wenye majina ya wale 148. Hao watatu wamewekwa peke yao, chini ya maneno "watumishi weusi", kana kwamba walikuwa na mshahara. Mnara mkubwa ulioko mdomoni mwa korongo ulijengwa mwaka 1947. Ilibidi kungoja mpaka Julai 2022 ndipo wakasimamishwa kwa sanamu kwenye bustani ya mnara huo, wao pamoja na Jane Manning James, mwanamke aliyezaliwa huru Connecticut, aliyefika bonde hili Septemba ya mwaka uleule 1847. Nimezishika zile sanamu kwa mkono. Nilitaka Rehema anione nikizishika.

Mambo ya baadaye ya korongo nitayapitia haraka. Maelfu ya wahamiaji walishuka hapo. Mwaka 1850 Parley Pratt akafungua njia nyingine korongo la jirani, akatoza ushuru. Mwaka 1860 na 1861 wapanda farasi wa barua walipita hapa wakikimbia kwenda California. Mwaka 1869 reli ikaunganisha mashariki na magharibi, ikapita mbali na hapa, magari ya maksai yakaisha kazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kukawa na kireli kidogo cha kuteremsha mawe mekundu ya kujengea misingi ya nyumba za mjini, nacho kikang'olewa 1917. Siku hizi ni nyumba za wenye nazo na vijana wa baiskeli.

Lakini nirudi kwa Green, maana yeye ndiye anayeninyima usingizi. Baada ya kukata njia hakuwa huru. Mwaka 1852 bunge la hapa lilipitisha sheria ya kuutambua utumwa, na ni mwaka 1862 Bunge la Marekani lilipoupiga marufuku katika maeneo yote ambayo, kama hapa wakati huo, hayakuwa bado majimbo. Green alioa, akapata uhuru, akalima, akaishi hadi 1903. Kaburi lake lipo si mbali na ninapokaa. Kwa hiyo hadithi ninayo, mwanzo na mwisho. Kinachonishinda ni namna ya kuisema. Nikisimama pale nikasema "tulikuwamo", watoto watapiga makofi. Nikiendelea kusema "tulikuwamo kwa kuwa tulimilikiwa", sijui nyuso zao zitakuwaje, mbele ya sanamu, mchana ule, na wenzao wa shule wakipita na bendera.

Ndipo nikakukumbuka wewe na ile miembe. Wewe unawapeleka watoto wa Ujiji chini ya miembe ya njia ya misafara kila mwaka, na darasani mwako yupo ambaye babu yake alikuwa mwenye watumwa na yupo ambaye bibi yake aliletwa kutoka Manyema amefungwa. Wanakaa dawati moja. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba njia yetu haikuwa na magari kwa sababu mbung'o waliua ng'ombe, ndiyo maana kila jora la kitambaa na kila pembe ilipita juu ya bega la mtu, Mnyamwezi au mwingine. Hilo nataka kuwaambia pia, nadhani watalipenda, kwamba huku maksai walivuta na kwetu watu walibeba. Ila naogopa nikichanganya njia mbili watapotea.

Baba Rehema anasema niseme tu habari za magari na kilima, watoto wafurahi na kula tikitimaji, utumwa watasoma wakikua. Tumebishana. Mimi naona mtoto aliyeuliza "sisi tulikuwamo?" ameshakua wa kutosha. Mama Furaha anakubaliana nami, ingawa yeye hukubaliana na kila mtu, unamjua.

Basi niambie. Unaanzia wapi ukiwa na wadogo: unamtaja mtu kwanza kisha utumwa, au utumwa kwanza? Yule mtoto anayejua kuwa ukoo wake ulimiliki watu unamwambia nini, na alishawahi kulia mbele yako? Unawaruhusu waguseguse miti na kucheza, au unataka wanyamaze? Una zile karatasi zako za somo la misafara? Zipige picha unitumie, hata kama mwandiko ni wa haraka. Na je, ulishawahi kuzomewa na mzazi?

Halafu mengine: Swalehe amefaulu? Ile nyumba ya Gungu mmeezeka? Dada yake Mama Zaina aliolewa au bado anachagua? Kwa nini hukuniambia kuhusu Mwalimu, mpaka nimesikia kwa watu wa Bujumbura? Namba yako mpya ni ipi, na iandike vizuri, yule baba wa Uvinza nimeshamsumbua vya kutosha.

Nisalimie wote mtaani, na umwambie Bi Mkubwa dawa ya mguu nimempa mtoto wa Shangazi, anywe baada ya kula.

Ni mimi shoga yako,
Mama Rehema