Mhariri, mende wa jikoni kwangu hakamuliwi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia hata mstari, hata pale mlipochora ramani mkaipeleka Pangani upande wa Bagamoyo nilinyamaza. Ila ile habari ya mende kutoa maziwa imenifika hapa kooni. Kichwa cha habari kikubwaaa, eti mende anazaa, ananyonyesha na maziwa yake yanayashinda ya nyati mara tatu, mkaishia hapo, na picha mkaweka ya mende huyu huyu mwekundu wa chooni.

Mi nauza chai na vitumbua Ngamiani. Asubuhi ya pili yake tu kaja kijana mmoja wa bodaboda, namjua tangu anatambaa, shikamoo mama, marahaba, namuwekea chai ya maziwa anaitazama weee halafu ananiuliza mbele za watu, "mama, hii ya ng'ombe au ya mende?" Wakacheka, na mi nikacheka. Sasa balaa, mende mdogo si akachomoza nyuma ya kabati (wapo, sikatai, nani Ngamiani hana mende masika mitaro ikijaa), anatembea na kile kifuko chake cha kahawia huku nyuma, kijana akapiga ukelele, "huyo ana mimba, mama kamua!" Benchi zima likainuka. Siku ile nilirudi nyumbani na nusu sufuria ya maziwa, na wiki nzima wateja wanataka chai ya rangi.

Binti yangu anafundisha baiolojia sekondari, nikamwambia hebu nisomee vizuri hii kitu. Kumbe mwenye maziwa ni aina moja, jina lake Diploptera punctata, mdogo, ukimuona utadhani mbawakawa, anaishi Hawaii na visiwa vingine vya Pasifiki na Australia na huko Asia, sio Barabara ya Kumi na Mbili hapa mtaani kwetu! Huyo kweli anazaa, anabeba mimba kama miezi miwili, ukuta wa mfuko wake wa uzazi unatoa majimaji na vijusi vinayanywa humo humo ndani, watoto wenyewe wanatoka kama 10 hivi. Hana chuchu Mhariri, hanyonyeshi mtu! Yale majimaji yakifika matumboni mwa vijusi yanaganda yanakuwa fuwele za protini, yaani vijipunje vigumu kama chembe za sukari, na wale watafiti, akiwemo Subramanian Ramaswamy wa Bangalore, India, waliotoa ripoti yao mwaka 2016, walizichukua humo matumboni, hakuna aliyekaa na ndoo chini ya mende. Walichokuta ni kwamba fuwele ndiyo ina nguvu za kuupa mwili zaidi ya mara tatu ya maziwa ya nyati uzito kwa uzito, na huyo ni nyati wa kufugwa wa India, nyie mmeandika nyati tupu mpaka jirani yangu anauliza ni nani huyo alithubutu kukamua nyati wa mbuga ya Saadani. Na yule wangu wa kabatini kile kifuko ni mayai, 30 mpaka 40, anatembea nayo mpaka karibu yaanguliwe, basi, hana hata tone. Hata yule mkubwa wa Madagaska anayetoa sauti kama nyoka, anazaa ndiyo, lakini mayai yanaangulika tumboni mwake na watoto wamekula kiini cha yai, sio maziwa. Hayo yote mngeshindwa nini kuuliza?

Halafu maziwa yenyewe ya ng'ombe mbona hamyaandiki? Ninayoletewa alfajiri na baiskeli siku nyingine ukiyachemsha hayaweki hata utando, maji matupu, nikilalamika naambiwa ng'ombe kanyeshewa. Hiyo ndiyo habari.

Sasa naomba hivi, mwandishi wenu aje kibandani kwangu saa kumi na moja alfajiri na kijiko cha chai, mende nitamkamatia mimi mwenyewe. Akijaza kikombe namlipa bei ya lita nzima. Akishindwa mchapishe masahihisho ukurasa ule ule, herufi zile zile kubwa, na picha ya mende mwenyewe wa Hawaii.

Vitumbua atajinunulia.

Muuza chai,
Ngamiani, Tanga