Somo, filimbi ile hatukuisikia

Magomeni, Mtwara
Oktoba

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Huku wazima. Mabibo yananuka mji mzima na kila mwenye mikorosho miwili anatembea kama bwana mkubwa akingoja mnada. Hayo tuyaache. Nimeshika kalamu kwa sababu ujumbe wa sauti wa urefu huu ungeusikiliza nusu ukanijibu "sawa", nakujua. Na jambo lenyewe linakuhusu. Jumamosi ulishtakiwa kijiweni bila mwenyewe kuwapo, wakili wako nikawa mimi.

Kisa ni Roger Moore, yule steringi wetu wa picha za jasusi James Bond. Kinyozi aliyehamia mkabala na cherehani yangu ana televisheni na flashi iliyojaa picha za James Bond, kuanzia za Sean Connery hadi za Daniel Craig. Jioni ile akaweka ile ya Moore, ya bastola ya dhahabu. Haikufika nusu, dogo mmoja wa bodaboda akauliza, "Huyu ni jasusi au mchekeshaji?" Basi, mkasi ukawekwa chini, mteja akabaki na nusu kichwa.

Mwalimu mstaafu wa jirani ni mtu wa Connery, na kwake yeye waliofuata wote ni wavaa suti. Dogo ni wa Craig. Bond wake anapigwa akavimba, anavuja damu, anampenda mwanamke hadi anataka kuacha kazi, na katika picha ya 2021 anakufa kabisa. Somo, steringi kafa! Nikamwambia dogo enzi zetu mwenye banda umiza angerudisha viingilio usiku uleule, au lingebaki jivu.

Nilikubali mengi, nisikufiche. Ile ya Moore ya 1979, mtumbwi wa Venice unapanda nchi kavu na kukatiza uwanjani, hadi njiwa anageuka kuutazama mara mbili. Hiyo siwezi kuitetea mbele ya watu wazima. Na ile ya mwisho, ya 1985, mtu alikuwa na miaka 57. Wakati wa kukimbia unaona kabisa anayekimbia ni mwingine, na uso unarudi baadaye. Angeishia miaka miwili mitatu nyuma. Lakini alicheza 7 ndani ya miaka 12, na katika mfululizo rasmi hakuna aliyecheza nyingi kuliko yeye. Mwalimu akasema wingi si hoja. Sawa, si hoja.

Hoja ilikuja dogo alipodai kwamba enzi ya Moore haina hatari, yote mzaha. Nikamuuliza kama ameiona ya mamba. Unaikumbuka, ya 1973, Bond kaachwa katikati ya bwawa, anavuka kwa kukanyaga migongo ya mamba kama anayekanyaga mawe ya mtoni. Kidogo nisahau: wewe ndiye uliyesimama juu ya benchi mle bandani Chikongola ukapiga kelele, "Waongo! Hao mamba wamefungwa!" Ukala kofi la kisogo kutoka kwa wale wakubwa wa nyuma, na tangu siku ile ukaitwa Mamba. Dogo akafungua simu yake kutafuta, akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti. Aliyeruka alikuwa mwenye shamba la mamba wenyewe, huko Jamaica, Ross Kananga. Alirudia zaidi ya mara moja, akaanguka kati yao, mmoja akamng'ata kiatu. Adui wa picha ile akapewa jina lake. Na mamba, somo, walikuwa wamefungwa miguu chini ya maji wasihame. Midomo na mikia ndiyo iliyoachwa huru.

Nilicheka peke yangu. Miaka zaidi ya thelathini unadai kofi lako.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Turudi kwenye bastola ya dhahabu, pale Thailand, Bond yumo garini na daraja limevunjika. Gari linapaa, linajiviringa hewani mzunguko mzima, linatua upande wa pili kwa magurudumu yote manne. Unakumbuka banda lilivyokuwa likinyamaza? Wale wakubwa wenyewe walikuwa wakishika vichwa. Hapakuwa na ujanja wa kamera. Waliipigia hesabu kwa kompyuta, na hiyo ni 1974, dereva akaruka mara moja tu na ikatosha. Nikawaambia watu wa kijiweni watulie, waone kazi. Gari likapaa. Na hapo katikati ya hewa ikalia filimbi. Fyuuuu! Kama ya katuni, kama mtu kateleza kwenye ganda la ndizi.

Kijiwe kikaangua kicheko, na mimi nikabaki mdomo wazi. Hiyo filimbi sijawahi kuisikia maishani mwangu. Nawe hujaisikia. Jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta wa makuti, na spika ya lile banda ilikuwa ikikoroma tu. Kiingereza chenyewe hatukukijua. Tulilipa kiingilio kwa korosho za kuokota tukaangalia picha bubu. Moore wetu alikuwa nyusi, miguu, maji, magari. Mwenyewe alikuwa akijitania kwamba uigizaji wake wote ni kupandisha unyusi huu, kisha ule. Kumbe ndiyo lugha pekee iliyotufikia. Connery na Craig wanataka masikio. Huyu alitaka macho.

Kwa hiyo Mwalimu na dogo wana haki yao. Waliotengeneza picha walichukua kitu kikubwa wakakipaka mzaha juu, kama wameona haya kuachia watu washtuke. Filimbi ile ni kosa, na nimelisema mbele ya kijiwe. Ila chini ya mzaha pana mtu aliyeruka kweli.

Nikamwomba kinyozi azime sauti na kurudisha pale. Tukaangalia tena, kimya. Hakuna aliyecheka. Dogo akasema, "Gari nimelikubali. Babu yenu sijamkubali, hana hata tone la damu." Nikamtajia ile ya 1981, adui yumo garini, gari linaning'inia ukingoni mwa jabali, na Moore analipiga teke likaenda naye. Moore mwenyewe hakupenda kuicheza sehemu hiyo, aliona ni ukatili usio wake. Dogo akasema ndiyo bora aliyowahi kufanya. Tukaachana hapo, umeme ukakatika, mteja akaenda nyumbani na nusu kichwa chake.

Nimekuwekea kilo mbili za korosho zilizobanguliwa kwa mkono, nzima nzima. Basi la Songea la kesho kutwa nitampa kondakta. Wasalimie nyumbani, hasa mama watoto.

Na unijibu jambo moja, bila kujisifu. Siku ile, wewe mtu wa Kitaya uliyekulia kando ya Ruvuma, uliona kweli kwamba mamba hawasogezi miguu, au ulibahatisha?

Wako,
Somo